SHAMBA LA MIZABIBU LISIKATWE VIWANJA

Ndugu wanaushirika,

Wapo wenzetu wanaosema zabibu haifai kwenye ardhi kame kama yetu hapa Dodoma, ati afadhali mtu akate shamba viwanja auze. Mimi nasema hapana. Sababu nazitoa kwa wakulima wenzetu wa kisiwa cha Santorini, nchi ya Ugiriki.

Zabibu yao kuu ni nyeupe, inaitwa Assyrtiko. Sifa yake ni kulimudu jua. Zabibu nyeupe nyingi zikiivia kwenye joto kali hupoteza uchachu, na mvinyo wake huwa umepooza. Hii huiva ikawa tamu, na uchachu ukabaki pale pale. Mvua ya kule kwa kawaida haifiki milimita 400 kwa mwaka. Udongo ni majivu na mawe mepesi ya volkano, yanayonyonya unyevu wa usiku. Tena udongo huo umewanusuru na filoksera, mdudu aliyeangamiza mizabibu ya Ulaya karne ya 19.

Lakini mmea hauvumilii peke yake, jamani. Kila mwaka mkulima husuka matawi yakawa kama kikapu chini ardhini, vichala vikae ndani, jua na upepo visiviharibu. Mavuno ni haba, ila mvinyo wake unasifika duniani. Zabibu nyingine huanikwa juani yapata wiki mbili, wakapata mvinyo mtamu uitwao Vinsanto. Ushirika wao ulianzishwa mwaka 1947 na upo hadi leo.

Sasa sikilizeni. Mzabibu huo ulioshinda ukame, upepo na wadudu unashindwa na hoteli! Watalii wamejaa, ardhi imepanda bei, mashamba mengi yamegeuka majengo. Shina la miaka mingi likishang'olewa, fedha hailirudishi.

Hebu tujiulize. Sisi twavuna mara mbili kwa mwaka, wao mara moja. Nani mwenye ardhi mbaya? Najua soko linatusumbua, na mtu mwenye ada ya shule ya kulipa huona kiwanja ni fedha ya haraka. Lakini soko baya la leo kesho laweza kupona. Shamba likishakuwa nyumba, halilimwi tena.

Napendekeza mkutano mkuu ujao tuamue kwa kauli moja: mizabibu ipogolewe vizuri, iuzwe kwa pamoja, na shamba lake lisikatwe viwanja. Mnasemaje, ndugu?

Ni mimi, mwanachama mwenzenu.