Bush Hakufika Kakamega, Dawa Zake Zilifika

NENO LA MAGHARIBI
Na Rosebella Khayanga

Wazee wa Muliro Gardens hapa Kakamega wakianza kubishana kuhusu marais wa Marekani, jina linaloshinda ni Obama. Haishangazi. Kogelo, kijiji cha baba yake, si mbali na hapa, na damu ni nzito kuliko maji. Lakini rais aliyeingia katika nyumba nyingi zaidi za kaunti hii ni George W. Bush, ambaye akiwa madarakani hakukanyaga Kenya hata mara moja.

Januari 2003 Bush aliliomba Bunge lake dola bilioni 15 za kupambana na Ukimwi kwa miaka 5. Kufikia Mei sheria ilikuwa imepita, mpango wa PEPFAR ukazaliwa. Kabla ya hapo dawa za kupunguza makali ya virusi zilikuwa za wenye nazo, sisi wengine tulikuwa wa kuchimba makaburi kila Jumamosi. Leo Wakenya takriban milioni 1.3 wanazimeza. Wapo wanaobandua lebo na kushindilia pamba ndani ya kopo ili lisilie kwenye matatu. Obama, Trump wa muhula wa kwanza na Biden walimrithi Bush, na makopo yakaendelea kuja.

Basi tukajisahau.

Januari 20, 2025, siku aliyoapishwa tena, Trump alitia saini amri ya kusitisha misaada ya nje kwa siku 90. Washauri nasaha na makarani wa takwimu waliolipwa kwa pesa hizo wakaambiwa wakae nyumbani. Kufikia Julai 1, USAID, shirika la misaada la Marekani lililoanzishwa enzi za Kennedy mwaka 1961, lilikuwa limefungwa. Bush na Obama waliwaaga wafanyakazi wake kwa maneno mazuri, lakini rais mstaafu hana kalamu.

Na dalili tulikuwa nazo. Mwaka 1984 Reagan alizuia pesa za Marekani kwa mashirika ya nje yanayotoa au kutetea huduma ya kuavya mimba. Clinton akaifuta kanuni hiyo, Bush akairudisha, Obama akaifuta, Trump akairudisha, Biden akaifuta, Trump akairudisha tena. Iliporudishwa, kuna kliniki za uzazi wa mpango zilizofunga mlango hapa Kenya.

Lawama yangu haimwangukii Trump peke yake. Aprili 2001 viongozi wa Afrika waliahidi kule Abuja kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Moi aliondoka, Kibaki akaja, Uhuru akaja, sasa Ruto, na kiwango hicho hatujakifikia. Kwa nini wahangaike, wakati mlipaji yuko Washington?

Desemba 2025 Mkuu wa Mawaziri Musalia Mudavadi, mtu wetu wa Vihiga, alitia saini mkataba mpya wa afya na Marekani. Wao wameahidi hadi dola bilioni 1.6 kwa miaka 5, nasi tuongeze dola milioni 850 zetu. Mwezi huohuo Mahakama Kuu ilisimamisha kwa muda kipengele cha kupeana data za wagonjwa. La pesa ndilo linalonisumbua. Rais mwingine wa Marekani ataapishwa Januari 2029, mkataba ukiwa bado haujaisha. Waheshimiwa wa bunge la kaunti wamuulize Gavana Barasa, kabla ya bajeti ya Juni: katika hizo milioni 850, mzigo wa Kakamega ni kiasi gani, na umeandikwa ukurasa upi?