Barua ya Mke wa Mwalimu Mpiga Kafi



Mwezi uliopita ilitufikia barua ya mke wa mwalimu mmoja akaaye kando ya ziwa. Jina lake tumelificha kama alivyotuomba. Mume wake hufundisha siku tano za juma, na kila mwezi hutumwa kukagua shule za mbali, akalala huko siku sita au saba. Tena ni mpiga kafi hodari katika mtumbwi wa mashindano wa kijiji chao, na watoto wake wanne humngoja ufukoni kila mbio. Mwaka jana madaktari walimwona ana kisukari, wakampa insulini ya kujidunga. Basi mwalimu huyu huificha sindano, asije akaonwa na wenzake kuwa mgonjwa. Siku ya mbio zilizopita alijidunga alfajiri kwa siri, akaondoka kwa haraka bila kula, akapiga kafi. Akatolewa mtumbwini akitetemeka, jasho linamtoka, asema maneno yasiyo na maana. Watu wakasema mwalimu amelewa. Mama huyo atuuliza: Je, yampasa mume wangu kuacha mbio, au kuacha safari, au nini?

Kabla ya kumjibu twataka kusimulia habari za mtu mmoja wa Uingereza, Steve Redgrave, aliyezaliwa mwaka 1962 katika mji wa Marlow, ukingoni mwa mto Thames. Baba yake alikuwa mjenzi. Na hapa tuseme neno kando. Zamani katika nchi ile mtu wa kazi ya mikono hakuhesabiwa kuwa mshindani wa ridhaa, hata kama hakupokea senti moja kwa kuvuta makasia. Mwaka 1920 Mmarekani John Kelly, aliyekuwa mwashi wa matofali, alikataliwa kushindana Henley; na mwaka huohuo akatwaa nishani ya dhahabu ya Olimpiki huko Antwerp. Sheria ile ya kuwabagua wafanyakazi iliondolewa mwaka 1937. Kwa hiyo mwana wa mjenzi wa Marlow alikuta mlango umekwisha kufunguliwa.

Mbio zao si kama zetu za kafi. Wavutaji huketi wakiupa mgongo mwisho wa safari, wakiona walikotoka tu, nao huenda meta 2,000 kwa muda wa dakika sita hivi. Ni muda mfupi, lakini waliouonja husema miguu huwaka moto na pumzi hukosekana kabla ya nusu ya njia.

Redgrave alipata dhahabu ya Olimpiki mwaka 1984, tena 1988, tena 1992, tena 1996. Asomaye hesabu hiyo aweza kudhani mtu huyu alikuwa na mwili wa chuma. Sivyo. Mwaka 1992, kabla ya mashindano ya Barcelona, alionekana ana ugonjwa wa vidonda vya utumbo mpana, ambao humdhoofisha mtu na kumkimbiza chooni mara nyingi kwa siku. Akatibiwa, akaenda, akashinda. Baada ya 1996 alitangaza mbele ya watu wote kwamba hataingia mashuani tena. Na haikupita miezi mingi akarudi. (Wake wa wavuvi watacheka hapa, maana wamesikia ahadi kama hiyo.) Ndipo mwaka 1997, alipokuwa na umri wa miaka 35, akashikwa na kiu isiyokatika. Akapimwa: kisukari. Akadhani kazi yake ya makasia imekwisha.

Daktari aliyemwendea hakumwambia aache. Lakini shida ilikuwa chakula. Mvuta makasia wa cheo kile hula zaidi ya mara mbili ya mtu wa kawaida, kwa sababu asipokula hana nguvu ya kuvuta. Na mwenye kisukari akila hivyo bila kipimo, damu yake hujaa sukari. Hapo kwanza Redgrave alijaribu kujinyima, na nguvu zikampungukia. Baadaye wakageuza shauri: ale kama kazi yake inavyotaka, na insulini ipimwe kwa kadiri ya chakula na ya mazoezi. Basi ikampasa kutoboa kidole na kupima damu yake mara nyingi kila siku, na kujidunga mara kadhaa, nyumbani na safarini.

Wenzake katika mashua walijua. Hilo ndilo twalitaka lisikiwe ufukoni kwa mwalimu wetu. Matthew Pinsent, Tim Foster na James Cracknell waliketi naye mashua moja wakijua kwamba mmoja wao anaishi kwa sindano. Cracknell mwenyewe alikwisha kujua ugonjwa ni nini: mwaka 1996 alisafiri mpaka Atlanta, akashikwa na ugonjwa wa koo, asishindane kabisa. Na mke wa Redgrave, Ann, ni daktari, naye alikuwa mvuta makasia katika Olimpiki ya 1984. Wana watoto watatu. Hatukuwako nyumbani mwao, wala hatutasema yaliyonenwa mezani. Lakini kila mama ajuaye kupika kwa saa aweza kuwaza ilivyokuwa, watoto watatu na baba ambaye chakula chake hakina ruhusa ya kuchelewa.

Mwezi wa Julai mwaka 2000 wanne hao walishindana Lucerne, wakawa wa nne. Wengi wakasema mzee amechoka, na ugonjwa umemla. Tarehe 23 Septemba mwaka huohuo, huko Sydney, waliongoza mbio, na Waitalia wakawajia kwa nguvu karibu na mwisho, hata watu wakasimama. Waingereza wakatangulia kwa sekunde 0.38. Ukifumba jicho na kulifumbua, muda huo umekwisha kupita. Hiyo ilikuwa dhahabu yake ya tano, miaka mitatu baada ya kisukari.

Sasa mama, hili ndilo jibu letu. Kuacha mbio au kutoacha si neno letu. Ni la daktari amjuaye mumeo, nawe enda pamoja naye, usimwache aende peke yake akaleta nusu ya habari. Lakini siri aiache leo. Tetemeko lile, na jasho, na maneno yaliyopotea, havikutoka katika pombe. Insulini ilimkuta tumbo tupu, kisha kazi nzito ikaimaliza sukari iliyobaki katika damu. Mtu wa namna hiyo hupewa upesi kitu kitamu, kama yu macho na aweza kumeza: maji ya sukari, au soda, au asali. Akizimia asinyweshwe chochote, apelekwe hospitali mara moja. Wapiga kafi wenzake na wajue jambo hili, na nahodha wao awe na chupa ya maji ya sukari miguuni pake. Na katika mfuko wa safari za ukaguzi pawe na insulini isiyokaa juani, kipimo, na chakula. Wala asijidunge huku hajui atakula saa ngapi.

Na wale waliosema amelewa, mwalimu asiwajibu kwa hasira. Awaonyeshe sindano. Twadhani ni vema aanze kwa mkuu wa shule, maana uvumi huo ukifika kwa wazazi kabla yake, kazi yake ya miaka mingi itatiwa doa kwa kosa asilolitenda.

Mbio nyingine, umeandika, ni baada ya mavuno. Tafadhali utuandikie tena, utuambie daktari amesema nini, na nahodha amesema nini.