PIKAPU IPIMWE KWA MZIGO WAKE

Wapenzi wa magari hawakosi neno. Wakutanapo madereva pale Nyakanazi, wilayani Biharamulo, au Kabanga, wilayani Ngara, hawachelewi kubishana juu ya pikapu ipi iliyo bora. Huyu huisifu Hilux, yule Land Cruiser yenye mkonga, nao wazee hawaachi kuitaja Peugeot. Sisi hatuuoni ubishi huo kuwa wa kipuuzi. Ndani yake limo swali kubwa: gari hutengenezwa kwa ajili ya nani?

Wazee wanayo haki ya kujivuna. Mwaka 1966, na tena mwaka 1967, Bert Shankland, aliyekuwa akikaa Dar es Salaam, pamoja na Chris Rothwell, walishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki kwa Peugeot 404. Gari lililoshinda katika matope na mawe ya nchi zetu wenyewe halikuhitaji tangazo. Vivyo hivyo Land Cruiser ya namba 70, iliyotoka mwaka 1984, imependwa kwa sababu injini yake ya 1HZ, ya dizeli na silinda sita, haitegemei kompyuta. Fundi aweza kuitengeneza chini ya mwembe kwa spana zake na akili yake.

Lakini pikapu za leo zimeshika njia nyingine. Kebini zimekuwa mbili, viti ni vya ngozi, mbele kumewekwa kioo kama cha televisheni, na bodi ya mzigo imefupishwa. Huko Marekani pikapu imekuwa gari la familia na la fahari. Mwenye kiwanda hatumlaumu, kwani yeye hufuata fedha ziliko. Hata hivyo, mkulima wa Rulenge mwenye mikungu ya ndizi na magunia ya kahawa, na yule wa Lusahunga mwenye mahindi, wao haja yao ni bodi ndefu, springi ngumu na bei wanayoiweza. Kifaa kidogo cha umeme kikiharibika, na mtambo wa kukipima uko mji wa mbali, ndizi huiva njiani zikaoza. Na kama gari hilo lilikuwa likimpeleka mgonjwa hospitali, hasara yake haihesabiki kwa shilingi.

Yatupasa kusema haki. Magari mapya hula mafuta kidogo, hutoa moshi mchache, na breki zake ni bora. Tena afadhali watu kukaa ndani ya kebini ya pili kuliko kuning’inia juu ya magunia, desturi ya hatari ambayo hatutaisifu hata siku moja. Kwa hiyo hatuombi kurudishiwa gari la zamani. Twaomba gari jipya la kazi.

Wala hilo si ndoto. Mwishoni mwa mwaka 2023 Toyota walitoa huko Thailand pikapu iitwayo Hilux Champ: kebini moja, bodi bapa, mapambo machache, na nafasi ya mnunuzi kuunda nyuma apendavyo. Basi viwanda vyaweza vikitaka. Jirani zetu wa Kenya huunganisha pikapu za Isuzu mjini Nairobi na za Toyota huko Mombasa. Nasi tunacho kituo cha Nyumbu, Kibaha, kilichoanzishwa ili tuwe na ufundi wa magari wetu wenyewe. Kuunganisha vipande vilivyotoka ng’ambo ni mwanzo mwema, lakini si mwisho wa safari.

Kikwazo kipo. Pale Rusumo, dereva atokaye Ngara akivuka daraja kuingia Rwanda huacha upande wa kushoto akashika wa kulia. Soko letu la Afrika Mashariki limegawanyika hata kwa usukani, na kila kipande ni kidogo. Raia wengi hununua gari lililokwisha tumika Japani. Wanunuzi wakubwa wa magari mapya ni serikali na mashirika. Wao ndio wenye sauti mbele ya viwanda.

Basi twawaambia wanunuzi hao: mnapoagiza, msiagize starehe ya mkubwa peke yake, agizeni pia chombo cha mzigo. Wenye viwanda na mawakala nao wahakikishe kwamba vipuri vinafika mpaka wilayani, na mafundi wa Ngara na Biharamulo wafundishwe kuzipima injini mpya, siyo kufichwa siri zake. Nao wapenzi wa magari waendelee kubishana, ila waanze kwa kuuliza pikapu inabeba nini, kwa barabara ipi, na ikiharibika ataitengeneza nani.

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wanaochora pikapu mezani na waje waulize wanaozipakia.