Twende Norwe Mwezi Gani?



Mwezi huu tunajibu swali tulilokwisha kuulizwa mara tatu, kila mara na mama mwenye barua ya mwaliko mkononi. Baadhi ya sharika zetu zina marafiki Norwe. Si ajabu, maana Wanorwe tumejuana nao siku nyingi. Hospitali ya Haydom kule Mbulu waliijenga wamisionari wao, ikafunguliwa mwaka 1955. Basi marafiki hao huandika: njooni, tutawapeleka kwenye fiodi. Mwezi hawautaji.

Fiodi ni mkono wa bahari ulioingia ndani ya nchi kavu, katikati ya milima iliyosimama kama kuta. Zamani barafu nene ilichimba mabonde hayo, na ilipoyeyuka bahari ikajaa humo. Ile ya Sogn inaingia ndani zaidi ya kilometa 200. Lakini wenyeji hawaridhiki uitazame toka melini tu. Watakupandisha mlimani.

Mara ya kwanza sisi tulikwenda Oktoba 2017, kwa sababu nauli ilikuwa nafuu. Tulipelekwa Lysefjord, karibu na Stavanger, kupanda Preikestolen. Jina hilo maana yake ni Mimbari: ni jiwe tambarare lililotokeza mita 604 juu ya maji, wala halina uzio. Njia ni kilometa 8 kwenda na kurudi, mwendo wa saa 4 hivi. Tukasema, kilometa nane ni nini kwetu tuliokua tukichota maji mtoni?

Mvua ilitukuta njiani. Pwani ile ya magharibi hunyesha mwaka mzima, ila majani yanapopukutika ndipo inapozidi. Mwenzetu mmoja alivaa raba, sketi ya pamba na kanga mabegani. Pamba ikilowa humwondolea mtu joto. Alitetemeka, tukamtania. Baadaye akaanza kujikwaa, na tulipomwambia afunge koti, vidole vikashindwa kukamata kifungo. Hapo utani ukaisha. Hizo ni dalili za joto la mwili kushuka. Tulimvua nguo zilizolowa, tukamvika sweta la sufu la mwenyeji wetu, tukamnywesha chai ya moto yenye sukari. Na mjue hili: mtu aliyepoa hivyo akiacha kutetemeka na kuanza kuchanganyikiwa, msidhani amepona. Huyo yuko hatarini. Kule hupigwa simu namba 113.

Mwenyeji akasema tunarudi. Wanorwe wana kanuni za mlimani, na mojawapo ni kwamba kugeuka nyuma si aibu. Tuseme kweli, wengine tulinuna, maana tulitaka picha ya kuonyesha kanisani. Jua lilizama baada ya saa kumi na mbili jioni, nasi ndio kwanza tulikuwa tumefika chini.

Mara ya pili tulikwenda Juni 2019, wiki ya pili, na huo ndio mwezi tunaowashauri. Mwanga ni saa 18 kwa siku, hivyo mama anayetembea polepole hafukuzani na giza. Theluji ya juu inayeyuka, maporomoko ya maji yamejaa, unayasikia kabla hujayaona. Tena shule zetu zimefungwa, walimu wana nafasi. Lakini njia za juu sana bado zaweza kuwa na theluji. Trolltunga, kilometa 27 hivi kwenda na kurudi, iacheni hadi Julai au Agosti, na kwa wenye mapafu ya vijana. Miezi hiyo ina joto, ila pia msongamano wa watalii.

Asiyepanda mlima achague nusu ya pili ya Mei, wakati matufaha yanapochanua kandokando ya fiodi ya Hardanger. Akiwahi tarehe 17 ataona watoto wakiandamana na bendera, sikukuu yao ya taifa. Mwanzo wa Septemba nao si mbaya. Desemba mwanga ni kama saa 6 tu. Nendeni mkaimbe Krismasi na wenyeji, milima muiache.

Pangeni mwezi kwa kumtazama aliye dhaifu kuliko wote katika kundi, si bei ya tiketi. Mwenye presha au kisukari abebe dawa zake mkononi. Mwenye magoti mabovu achukue fimbo, maana kushuka huumiza kuliko kupanda. Sweta za sufu tafuteni kwenye mitumba, zipo nzuri sana, na viatu vizoeeni nyumbani kwanza. Juu ya suruali, kila mmoja azungumze na mumewe. Sisi tulivaa, sketi tukaziweka kwa ibada ya Jumapili.

Mwenzetu yule wa kanga alikuwemo safari ya pili. Alifika Mimbari, akaketi mbali na ukingo, akala mkate wake wote, kisha akauliza kama mwaka ujao tutaalikwa tena.