Steringi Naye Ameua: Katuni za Vita na Amri ya Tano



Ndugu wapendwa wanaparokia, na ninyi nyote mnaotutembelea katika ukurasa huu kila juma, leo napenda tutafakari pamoja jambo ambalo kwa wengi wetu laonekana kuwa dogo mno kuandikiwa na padre. Nalo ni katuni. Najua wapo watakaotabasamu na kuuliza, je, padre amekosa la kusema? La hasha. Naomba mnivumilie hadi mwisho.

Wazazi wengi wa Sanya Juu, wakipita sebuleni na kumwona kijana ameinamia simu yenye picha za kuchorwa, huendelea na shughuli zao kwa amani. Wao wanapolisikia neno katuni hukumbuka paka anayemkimbiza panya. Hawajui kwamba nyingi ya katuni wanazozifuatilia vijana wetu leo, hasa zile zitokazo Japani, ni tamthilia ndefu za vita, zenye majeshi, mateka, yatima na makaburi. Ndani ya tamthilia hizo linafundishwa somo zito kuliko yote ambayo mwanadamu anaweza kumfundisha mwenzake, yaani ni lini mtu aruhusiwe kumuua mtu. Somo hilo linafundishwa nyumbani mwetu, saa za usiku, nasi hatujui mwalimu anasema nini.

Wengine watanishauri niseme kwa kifupi kwamba katuni hizo ni mbaya, tuzizime. Mimi sikubaliani nao. Zipo zinazoufanya uuaji kuwa mchezo, na hizo ni sumu. Lakini zipo pia zinazoifundisha amri ya tano kwa namna ambayo filamu nyingi za watu halisi hazijapata kuifundisha. Kazi ya mzazi Mkristo ni kupambanua.

Hebu tukumbuke kwanza tulivyolelewa sisi wenyewe. Nani kati ya wanaume wa umri wangu hakupata kuketi katika kibanda umiza, akatazama filamu ya mapigano? Humo yupo mmoja tuliyemwita steringi, na wengine wote tuliwaita maadui. Steringi hafi. Maadui huanguka kumi, ishirini, thelathini, na hakuna hata mmoja mwenye jina, mke, wala mama wa kumlilia. Kila mmoja alipoanguka tulishangilia. Waswahili walisema mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Filamu za namna ile zilitufundisha kumgeuza binadamu kuwa nguruwe kwanza, ili mkuki usiwe mchungu tena.

Sasa tazameni wanachofanya baadhi ya wachoraji wa Kijapani. Mwaka 1979 ilianza kurushwa nchini humo tamthilia iitwayo Mobile Suit Gundam, iliyoongozwa na Yoshiyuki Tomino. Juu juu ni hadithi ya mitambo mikubwa inayopigana angani. Lakini mhusika mkuu, Amuro, ni kijana wa miaka 15 aliyejikuta vitani bila kutazamia. Katika sehemu mojawapo anarudi kumtembelea mama yake, naye anampiga risasi askari wa adui mbele ya macho ya mama huyo. Mtazamaji aliyezoea vibanda vyetu angetarajia mama amshukuru. Badala yake mama anashtuka, anamtazama mwanawe kana kwamba hamjui tena. Hapo mtoto anayetazama anajifunza jambo ambalo risasi elfu za steringi hazikumfundisha, kwamba anayeua hubadilika, na kwamba wa kwanza kuuona ubadiliko huo ni yule aliyemzaa.

Mfano wa pili ni filamu ya mwaka 1988 iitwayo Grave of the Fireflies, yaani kaburi la vimulimuli. Mwongozaji wake, Isao Takahata, alinusurika akiwa mtoto wa miaka 9 mji wa Okayama uliposhambuliwa kwa mabomu ya moto mwezi Juni 1945. Hadithi yenyewe iliandikwa mwaka 1967 na Akiyuki Nosaka, ambaye dada yake mdogo alikufa kwa njaa katika vita hivyo. Filamu yaeleza habari za kijana Seita na mdogo wake Setsuko, mtoto wa miaka minne, ambao mama yao anaungua na kufa katika mji wa Kobe. Wanapokewa na mama mdogo wa ukoo, ambaye siku kwa siku anawapimia chakula kwa maneno makali, mpaka wanaondoka na kwenda kuishi katika handaki. Setsuko anakufa kwa njaa, kisha na kaka yake pia.

Ndugu zangu, nani amemuua Setsuko? Marubani waliodondosha mabomu hatuwaoni hata sura. Yule mama hakushika silaha. Mkulima na majirani walikuwa na shida zao. Hakuna muuaji tunayeweza kumnyoshea kidole, na hata hivyo mtoto amekufa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Gaudium et Spes ya mwaka 1965, ulilaani tendo lolote la kivita linalolenga kuangamiza miji mizima pamoja na wakazi wake, ukalitaja kuwa ni kosa dhidi ya Mungu na dhidi ya mwanadamu mwenyewe. Katekisimu nayo, ikiifafanua amri ya tano, yatuonya kwamba jamii inayoiacha njaa iue watu bila kufanya juhudi ya kuizuia inatenda udhalimu mkubwa, na kwamba wafanyabiashara ambao ulanguzi wao huleta njaa na vifo wanashiriki katika uuaji. Filamu ya katuni imelisema jambo hilo kwa saa moja na nusu, bila hubiri lolote.

Mfano wa tatu ndio unaojulikana zaidi na vijana wetu. Ni Attack on Titan, iliyotungwa na Hajime Isayama na kurushwa kama tamthilia kati ya mwaka 2013 na 2023. Humo yumo msichana Gabi, aliyefundishwa tangu utotoni kwamba watu wa kisiwa cha ng'ambo ni mashetani. Anampiga risasi askari wa kike aitwaye Sasha. Baadaye, kwa mkasa wa vita, anajikuta amepewa chakula na malazi na wazazi wa Sasha, pasipo wao kujua wala yeye kujua. Ukweli unapofichuka, baba wa marehemu anawekewa kisu mkononi ili alipize kisasi. Mzee huyo, ambaye ni mwindaji, anakataa. Anaeleza kwamba alimtoa binti yake katika msitu wa kuuana, kumbe dunia yenyewe ni msitu mkubwa zaidi, na kwamba ni wajibu wa watu wazima kuibeba dhambi hiyo wenyewe ili angalau watoto wapate kutoka humo.

Msidhani haya ni mambo ya kubuni tu. Kaskazini mwa Uganda, mwishoni mwa miaka ya 1980, mtoto aitwaye Dominic Ongwen alitekwa na waasi wa Joseph Kony akiwa njiani kwenda shuleni. Alifundishwa kuua, akafanywa kamanda. Tarehe 4 Februari 2021 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimtia hatiani kwa makosa 61, na mwezi Mei mwaka huo ikamhukumu kifungo cha miaka 25. Mahakimu walipopanga adhabu waliupa uzito utoto wake ulioibwa, lakini hawakusema kwamba kwa sababu hiyo waliouawa hawakuuawa. Ndivyo Kanisa nalo lifundishavyo: woga, mazoea na kulazimishwa vyaweza kupunguza lawama ya mtenda dhambi, lakini ubaya wa tendo unabaki palepale. Kijana aliyemhurumia Gabi na huku akamlilia Sasha amekwisha kulielewa fundisho hilo kabla ya kulisoma katika Katekisimu.

Hata hivyo, sina budi kusema pia mahali ambapo tamthilia hizi hupotosha. Mhusika mkuu wa hiyo hiyo Attack on Titan, Eren, anafikia kuangamiza sehemu kubwa ya wanadamu duniani ili rafiki zake waishi. Wapo vijana wanaomtetea kwa nguvu, wakisema hakuwa na njia nyingine. Hapa tusimame imara. Mtume Paulo, akiwaandikia Warumi, aliikataa kabisa hoja ya kutenda mabaya ili yaje mema. Kuua wasio na hatia hakugeuki kuwa halali kwa sababu muuaji analia huku akiua. Na huu ndio udhaifu wa nyingi ya katuni hizi: humpamba muuaji kwa machozi, kwa sura nzuri na muziki wa huzuni, hata mtazamaji akasahau kuwalilia waliouawa, akamlilia aliyewaua.

Je, basi, Kanisa linasema askari yeyote ni muuaji? Hapana. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha kwamba anayejilinda anakusudia kuokoa uhai, wala hakusudii kifo cha mshambuliaji, na kwamba nguvu atumiayo isizidi ile inayohitajika. Majeshi ya Idi Amin yalipoivamia Kagera mwaka 1978, nchi yetu ilikuwa na haki na wajibu wa kuwalinda watu wake, nasi tunawaombea askari wetu waliolala huko. Lakini haki ya kujilinda haina ndani yake haki ya kuchukia, wala ya kumwita mwenzako shetani.

Sisi wa Siha tuna sababu ya pekee ya kulielewa hili. Tarehe 2 Machi 1900, huko Old Moshi, utawala wa Kijerumani uliwanyonga watu 19 kwa tuhuma ya kupanga uasi. Miongoni mwao walikuwa Mangi Meli wa Moshi, Mangi Molelia wa Kibosho, na Mangi wetu Ngalami wa Siha. Huaminiwa kwamba kichwa cha Mangi Meli kilikatwa na kupelekwa Ujerumani, na ukoo wake umekitafuta kwa miaka mingi. Mwezi Septemba 2023 ilitangazwa mjini Berlin kwamba baadhi ya mafuvu yaliyochukuliwa Kilimanjaro yalikuwa yamelinganishwa kwa vinasaba na watu walio hai, na ndugu zao wakapatikana. Fikirini neno hilo: wamepatikana ndugu. Kwa zaidi ya miaka mia moja mtu alikuwa namba iliyoandikwa juu ya mfupa katika ghala. Waliomweka humo walimfanya adui asiye na jina, sawasawa na wale thelathini waangukao katika filamu. Kisha siku moja akawa babu wa mtu tena.

Lakini tusiishie kuwanyoshea kidole Wajerumani. Katika nchi yetu hii, magazeti yana msemo uliozoeleka mno, wananchi wenye hasira kali. Kijana anatuhumiwa kuiba kuku au pikipiki, inapigwa yowe, yanaletwa mawe, petroli na tairi. Kwa dakika chache hana jina tena, anaitwa mwizi tu. Jioni watu wanarudi makwao, wananawa mikono, wanakula. Hakuna aliyeua, maana waliua wote. Wengine wetu huenda tulikuwepo, hatukurusha jiwe, ila hatukusema neno. Mwenyezi Mungu alimwuliza Kaini habari za ndugu yake, wala hakumwuliza habari za mwizi. Mimi naogopa hasira hiyo yenye watu wengi kuliko ninavyoogopa katuni yoyote, maana pale mwanafunzi wa kibanda umiza hufanya mtihani wake.

Kwa hiyo, wapendwa wazazi na walezi, nawaomba jambo moja. Samaki mkunje angali mbichi. Juma hili, kijana anapoitazama tamthilia yake, msimkemee na msipite. Ketini naye, hata kama hamwelewi kinachoendelea, atafurahi kuwaeleza. Kisha mwulizeni maswali matatu. Kwanza, yule aliyeuawa aliitwa nani? Pili, ni nani aliyemlilia? Tatu, kabla hajauawa, kulikuwa na njia nyingine, na kwa nini haikufuatwa? Kama hadithi haina jibu la swali la kwanza, hiyo ni katuni ya kuzima. Kama inayo majibu yote matatu, itazameni pamoja hadi mwisho, na mzungumze. Makatekista na walezi wa Utoto Mtakatifu na VIWAWA nao waweza kuyatumia maswali hayo hayo katika vipindi vyao.

Na siku yowe litakapopigwa barabarani, Mungu aepushie mbali, kijana huyo huyo atakuwa na swali la kwanza mdomoni mwake: huyu anaitwa nani? Mtu mmoja akiuliza hivyo kwa sauti, na wa pili akalitaja jina, mara nyingi jiwe hushuka chini.

Nawatakieni Dominika njema na juma lenye amani. Tuombeane.