Gari Lisifufuliwe Rangi, Saa Zake Zikabaki Maiti

Hapa Kona ya Musa, kama kwingineko katika pwani yetu ya kusini, gari kuukuu halitupwi ovyo. Hupigwa rangi, likabadilishwa viti, likatiwa redio ya kishindo, kisha likarejea barabarani mfano wa bibi arusi. Lakini hebu tazama dashibodi yake: mshale wa mwendo umelala kwenye sufuri, wa mafuta umeganda, na wa joto haujulikani wasema nini. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Kwa maoni yangu, atakaye kulifufua gari aanze na saa hizo, rangi ije baadaye.

Mathalani, gari lipandalo kutoka Kombani kwenda Kwale huchosha injini. Maji ya rejeta yakipungua, mshale wa joto ndio umwonyao dereva mapema. Akingoja mpaka auone mvuke, huenda kichwa cha injini kimekwisha kupindika, na gharama yake ni mzigo. Dalili ya mvua ni mawingu. Aliyeyafumba macho asilalamike akilowa.

Ndivyo ulivyo mwendo pia. Kanuni zilizotolewa mwaka 2003, marehemu John Michuki akiwa Waziri wa Uchukuzi, na zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, ziliweka kikomo cha kilomita 80 kwa saa kwa magari ya abiria. Wapo watakaosema kuwa kidhibiti mwendo chatosha. Hakitoshi! Kidhibiti humzuia dereva asivuke 80; hakimzuii kwenda 70 katikati ya mji, mahali ambapo sheria yataka 50. Bila mshale, dereva hukisia tu, na maisha ya abiria si kitu cha kukisiwa.

Wengine watadai kwamba vipuri vya magari ya zamani ni adimu na ghali. Ni kweli, ila mara nyingi saa yenyewe haina kosa. Hewa yetu ya bahari ina chumvi na unyevu, navyo hula vichwa vya nyaya. Mishale ya mafuta na joto ikipotoka kwa pamoja, fundi asikimbilie kununua saa mpya: katika magari mengi ya zamani, mishale hiyo miwili hutegemea kifaa kimoja cha kusawazisha umeme. Akague hicho kwanza, pamoja na waya wa athi. Na mshale wa mwendo ukifa, pengine ni kebo itokayo kwenye giaboksi iliyokatika.

Pana jambo moja zaidi, nalo ni la uaminifu. Saa iliyong'olewa katika gari bovu huja na hesabu ya kilomita za gari hilo. Mwenye gari aandike kilomita za saa ya zamani na tarehe aliyoibadilisha, kisha amwonyeshe mnunuzi. Anayezirudisha nyuma kilomita kwa makusudi ili gari lionekane changa ni mwizi, hata kama hakuvunja mlango wa mtu.

Enyi wenye magari, mpeni fundi wa umeme haki yake kabla ya mpiga rangi. Nawe abiria, kabla ya kuisifu redio, itupie jicho mishale.