Mambo ya Nyumbani: Mutumbwi Uliongaa Ukaingiza Maji



Mwezi wa munane, mwaka 2019, nilipanda mutumbwi wa alminiumu wa ndugu mumoja muvuvi kwenye ziwa la Nzilo, karibu na Kolwezi. Vijana wake wawili walikuwa wameusafisha nyumbani siku mbili: usiku waliupaka maji ya soda kostiki, ile ya kupika sabuni, na asubuhi wakausugua na majivu na muchanga. Ulikuwa unangaa sawa kioo. Mimi mwenyewe niliwasifu mbele ya baba yao. Tulipofika katikati ya ziwa, maji yakaanza kupanda kwenye miguu yetu. Baba alipiga kasia kwa nguvu, sisi wengine tukatoa maji na ndoo na sufuria mpaka tukafika ngambo.

Sasa tuelezane. Alminiumu ni madini mepesi: litre moja ya shaba ina uzito wa karibu kilo 9, lakini ya alminiumu ni kilo 2,7 tu. Ikipata hewa, inajivika ngozi nyembamba ambayo macho hayaioni. Ngozi hiyo ndiyo inayoilinda. Soda kostiki inayeyusha ngozi ile, kisha inakula alminiumu yenyewe. Maji makali ya majivu nayo yanafanya vile vile, polepole. Mapovu unayoyaona si uchafu unaotoka. Ni gazi inayoshika moto, na bati linapungua. Na bati la mutumbwi mudogo mara nyingi lina milimeta 2 ao 3 tu.

Jambo la pili linatugusa sisi watu wa miji ya shaba. Tundu la zamani lilikuwa limefungwa na waya wa shaba, kwa maana kwetu waya huo haukosekani. Lakini shaba na alminiumu zikigusana ndani ya maji, alminiumu ndiyo inayoliwa. Ni kazi ile ile inayofanyika ndani ya betri ya radio. Maji yaliingia pale pale penye waya.

Basi kijana, ukitaka kusafisha mutumbwi wa baba, fanya hivi:

1. Uosheni kwa maji na sabuni ya kawaida, na brosi laini. Pamba ya chuma hapana: vipande vyake vinabaki kwenye bati na kuleta vidoa vya kutu.

2. Penye weusi, pakaa maji ya ndimu, ngoja dakika 5, kisha suuza na maji mengi.

3. Penye mikwaruzo, tumia karatasi ya musasa yenye kulowana: kwanza namba 400, kisha 600, mwisho 1000. Sugua kwa kufuata urefu wa mutumbwi.

4. Maliza na dawa ya kungarisha madini na kitambaa cha pamba. Weusi utakaouona kwenye kitambaa ni alminiumu yenyewe imetoka. Kwa hiyo usirudie kila juma.

5. Sehemu inayokaa ndani ya maji, iache na rangi yake ya kijivu. Haina ubaya.

6. Mbele ya kurudi ziwani, mimina maji kidogo ndani ya mutumbwi ungali kwenye inchi kavu, ukaangalie kama yanatona chini.

Tundu lizibwe na kipande cha alminiumu, na misumari ya alminiumu. Ndivyo muvuvi yule alivyofanya, na mutumbwi ungali unavua.

Vijana wale hawakufanya kwa ubaya. Walitaka baba afurahi. Lakini ule waya wa shaba ulikuwa karibu na muguu wangu. Niliuona, nikanyamaza, nikaendelea kusifu. Wazazi wenzangu, mutoto akituonyesha kazi yake inayongaa, tuinamie kwanza tuangalie chini, kisha tumupe sifa yake.